Milango Miwili na Walinzi Wawili



Jumapili moja, baada ya Ibada ya pili, vijana wetu walikaa chini ya mwembe wakibishana kwa sauti kubwa hata tukadhani pana ugomvi. Tulipowakaribia tukakuta wanabishania fumbo. Ni fumbo la zamani, nasi tulilitumia miaka mingi katika chuo cha ualimu ili kuwazoeza wanachuo kufikiri hatua kwa hatua. Lakini siku ile, tukiwa tumetoka kusikia somo juu ya amri ya tisa, tulilisikia kwa masikio mengine.

Fumbo lenyewe ni hili. Msafiri amefika mbele ya milango miwili inayofanana kabisa. Mmoja waelekea kwenye uzima, na wa pili kwenye mauti. Wamesimama hapo walinzi wawili. Mmoja husema kweli siku zote, na mwenzake husema uongo siku zote. Wao wanajuana, lakini msafiri hajui yupi ni yupi. Ameruhusiwa kuuliza swali moja tu, kwa mlinzi mmoja tu. Je, aulize nini?

Msomaji aweke gazeti chini kwanza, ajaribu.

Kijana wa kwanza kujibu alisema kwamba amwulize mlinzi kama yeye ni mkweli. Swali hilo halifai kitu, maana mkweli atajibu ndiyo, na mwongo naye atajibu ndiyo. (Hata sisi tulio nje ya fumbo tungejibu ndiyo.) Binti mmoja wa kwaya, aliyekuwa amenyamaza muda wote, ndiye aliyepata. Alisema: “Nitamwuliza ye yote kati yao, nikimwuliza mwenzako mlango wa uzima ni upi, atanionyesha upi? Akiisha kunionyesha, nitapita ule mwingine.”

Tuupime ukweli wa jibu hilo. Ikiwa aliyeulizwa ni mkweli, yeye ajua kwamba mwenzake angeonyesha mlango wa mauti, naye atasema hivyo hivyo bila kugeuza. Basi ataonyesha mlango wa mauti. Ikiwa aliyeulizwa ni mwongo, yeye ajua kwamba mwenzake angeonyesha mlango wa uzima, naye atageuza. Basi ataonyesha mlango wa mauti. Kwa vyo vyote kidole kitaelekea kwenye mauti. Katika kila jibu mna uongo mmoja tu, na huo mmoja umetosha kuliharibu lote, awe ameutangulia mkweli au amemfuata.

Vijana walishangilia ujanja wa swali. Sisi tulibaki tunamtazama yule mlinzi mkweli. Yeye hakudanganya hata kidogo. Aliulizwa mwenzake angesema nini, akaeleza kwa uaminifu. Hata hivyo kidole chake kimeelekea kwenye mauti, na msafiri akikifuata atakufa. Kinachomwokoa msafiri ni kule kujua kwamba neno lile limepitia kinywa cha mwongo. Asipojua hilo, au akilisahau, uaminifu wa mlinzi hautamsaidia.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, akienda kwa miguu yake. Lakini akibebwa mgongoni na mkweli hufika mbali sana, kwa sababu watu humfungulia mkweli mlango bila kuuliza amebeba nini.

Twayasema haya kwa kuwa yalitupata. Mwaka 1993 katika chuo tulichokuwa tukifundisha lilipotea gunia la sukari stoo. Kamati ya nidhamu ilikaa, nasi ndio tulioshika kalamu ya kuandika kumbukumbu. Akaitwa kiranja wa bweni, kijana ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema uongo. Akasema: “Nimeambiwa na mtunza stoo kwamba alimwona fulani usiku akizunguka nyuma ya stoo.” Alisema kweli, ni kweli aliambiwa. Mtunza stoo mwenyewe siku hiyo alikuwa safarini. Mjumbe mmoja aliuliza kama haifai tumngoje arudi, tukamjibu kwamba hakuna haja, kwani kiranja huyu hasemi uongo. Kisha tukainamisha kichwa, tukaandika: “Alionekana usiku nyuma ya stoo.” Neno moja, “nimeambiwa,” liliachwa nje ya karatasi. Yule fulani, mwanachuo wa mwaka wa pili, akafukuzwa zikiwa zimebaki wiki chache afanye mtihani wa mwisho. Jina lake likasomwa mstarini Jumatatu asubuhi. Miezi miwili baadaye mtunza stoo alikamatwa akitoa gunia jingine.

Tukifungua Injili twaona kwamba jambo hili si geni. Mbele ya Baraza mashahidi walisimama wakasema wamemsikia Yesu akijigamba kwamba yeye mwenyewe atalibomoa hekalu (Marko 14:57–59). Je, walitunga habari yote? Hapana. Yohana atueleza kwamba kweli Bwana aliwahi kunena juu ya hekalu na juu ya siku tatu (Yohana 2:19–21). Ila hakusema kwamba yeye ndiye atakayelibomoa. Aliwaambia wao walibomoe, naye alikuwa akinena habari za mwili wake. Mashahidi walibadili mtendaji tu. Badiliko dogo, kama lile letu la kuacha neno moja, na Marko aongeza kwamba hata hivyo ushahidi wao haukupatana.

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hipo huko Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, cha kwanza yapata mwaka 395 na cha pili yapata mwaka 420. Alifundisha kwamba si kila asemaye jambo lisilo kweli ni mwongo. Akiwa anaamini kwamba ni kweli, amekosea, lakini hakudanganya, kwa kuwa uongo hutoka katika moyo unaojua hivi na kusema vile. Kwa kipimo hicho kiranja wetu hana hatia. Nasi tulijaribu kujificha katika kipimo hicho hicho, tukisema kwamba tuliamini. Lakini hatukuwa tumeamini kwamba “alionekana”. Tulijua tu kwamba imesemwa alionekana. Tulijua hivi tukaandika vile. Augustino asingetuachilia.

Ndugu, wangapi kati yetu hufanya hivyo hivyo barazani, kisimani, na siku hizi katika simu, ambako habari hupelekwa kwa watu mia kwa kidole kimoja? Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama huambiwa jambo juu ya binti wa jirani. Kwake liliingia kama “wanasema”. Kwa wa pili latoka kama “yasemekana”. Kwa wa tatu ni “alifanya”. Hakuna mwongo katika watu hao watatu, na binti hana tena pa kuweka uso.

Fumbo la milango lina ndugu zake wengi. Mwanahesabu mmoja wa Marekani, Raymond Smullyan, aliyeishi kuanzia mwaka 1919 hata 2017, alitoa mwaka 1978 kitabu cha mafumbo ya aina hii, na jina la kitabu hicho ni swali linalouliza jina la kitabu hicho ni nini. (Twawaonea huruma watunza maktaba.) Humo mna kisiwa chenye wakazi wa namna mbili tu, wasemao kweli daima na wasemao uongo daima. Tuseme mgeni amekutana na wakazi wawili wa huko, na wa kwanza amesema: “Sisi sote wawili ni waongo.” Mgeni ajue nini? Aliyesema hawezi kuwa mkweli, maana mkweli hajiiti mwongo. Basi ni mwongo, na alilosema ni uongo. Kama ni uongo kwamba wote wawili ni waongo, na yeye ni mwongo, basi yule aliyenyamaza ni mkweli.

Mtume Paulo naye alipata kugusa fumbo la namna hii. Akimwandikia Tito, aliyekuwa amemwacha Krete, anataja neno la nabii mmoja wa Wakrete wenyewe aliyewashitaki watu wake kwamba ni waongo sikuzote (Tito 1:12–13). Mababa wa Kanisa la kale walisema nabii huyo ni Epimenide. Wataalamu wa mantiki wamecheza na neno hilo karne nyingi: ikiwa Mkrete asema Wakrete ni waongo sikuzote, tumwamini au tusimwamini? Paulo hakucheza. Alikubali kwamba ushuhuda ule una ukweli, na bado, mistari michache tu kabla yake, amemwagiza Tito aweke wazee katika kila mji wa kisiwa hicho (Tito 1:5). Awatoe wapi wazee hao kama si katika Wakrete hao hao? Na siku ya Pentekoste Wakrete walikuwamo kati ya waliosikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yao (Matendo 2:11). Paulo alijua kwamba kisiwa cha kweli, chenye mizeituni na mbuzi na watu, hakikai kama kisiwa cha mafumbo. Petro alimkiri Kristo kule Kaisaria Filipi, na kinywa hicho hicho kikamkana mbele ya kijakazi. Angekuwa mkazi wa kisiwa cha Smullyan tungemweka fungu lipi?

Tena kisiwa hicho kina upungufu mmoja ambao hatukuutambua miaka yote ya kufundisha. Kuna sentensi isiyoweza kutoka kinywani mwa mkazi wake ye yote: “Mimi ni mwongo.” Mkweli hawezi kuisema, kwa sababu kwake si kweli. Mwongo hawezi kuisema, kwa sababu kwake itakuwa kweli, naye hasemi kweli kamwe. Maana yake ni kwamba huko hakuna maungamo. Aliye mwongo amefungwa katika uongo wake milele. Hata akitaka, hana maneno ya kutokea.

Sisi tunayo maneno hayo. Kila tukikutana kwa Ushirika Mtakatifu tunapiga magoti na kukiri kwamba tumekosa, na midomo yetu imetajwa pamoja na mikono yetu. Mwenye dhambi akisema ana dhambi amesema kweli, pengine kweli yake ya kwanza wiki nzima; na mtume Yohana aonya kwamba anayedai hana dhambi ndiye anayejidanganya (1 Yohana 1:8–10). Lakini twakiri kwa mazoea, na kwa kuwa twasema kwa wingi, “sisi”, kila mmoja hujificha nyuma ya mgongo wa jirani yake. Mwandishi wa ukurasa huu naye amezoea kusema “sisi”. Kumbukumbu zile za mwaka 1993 ziliandikwa kwa mkono mmoja.

Baada ya mtunza stoo kukamatwa, kamati ilikaa tena ili imwandikie yule kijana arudi. Barua ya kwanza tuliyoiandaa ilisema kwamba kutokana na taarifa zisizokamilika, uamuzi wa awali umetenguliwa. Tuliona ni barua nzuri, yenye lugha ya ofisi. Mchungaji aliyekuwa akija chuoni kutuhudumia aliisoma, akatuuliza: “Katika barua hii, nani amekosa?” Tukaisoma upya mara mbili. Hapakuwa na mtu ndani yake. Taarifa hazikukamilika zenyewe, na uamuzi ulijitengua wenyewe.

Ikaandikwa nyingine. “Tulikusingizia. Tuliandika kwamba ulionekana, hali hakuna ye yote kati yetu aliyejua hivyo. Neno hilo lilitoka kwa aliyeiba, nasi tulilipokea kama ushahidi.” Wajumbe wawili walikataa kutia sahihi wakisema itashusha heshima ya walimu. Watano tukatia sahihi. Kiranja naye tulimwandikia barua yake, kwa kuwa tulitumia ukweli wake vibaya.

Kijana alirudi Januari iliyofuata, mwaka mzima nyuma ya wenzake, mama yake akiwa ameuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na sare. Hakutukana wala hakudai kitu, ila aliomba jambo moja: kwamba barua ile isomwe mstarini, pale pale jina lake liliposomwa. Baadhi yetu tuliona ni kuzidisha. Mkuu wa Chuo akasema aliyeandika kumbukumbu ndiye asome.

Ilikuwa Jumatatu, bendera imekwisha kupandishwa. Tulisoma barua yote tangu mwanzo hata sahihi. Yeye alisimama safu ya nyuma, mikono imeshikana mgongoni kama wengine. Kengele ikapigwa, wakaingia madarasani, naye pamoja nao.