Je, Kila Mabadiliko ni Msimu?

Katika siku za wasiwasi watu hupenda kutafuta liwazo katika maumbile. Aonaye nyumba ya babu yake yauzwa na jamaa zake watawanyika, huketi uani wakati wa tangambili, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, akautazama mkungu ukipukutisha majani mekundu, akasema: "Ndiyo dunia, jani huanguka na jingine likachipua." (Simsemi yule asikiaye bundi akavunja safari, huyo ana maradhi mengine.) Maneno hayo ni matamu. Suali letu ni moja: je, ni ya kweli?

Tuutazame mkungu vizuri. Jani lake haliangushwi na upepo peke yake. Kwanza mti hulivuta ndani fungu kubwa la chakula kilichomo katika jani, rangi ya kijani ikatoweka na wekundu ukadhihiri. Kisha huziba pale kikonyo kilipoungana na tawi, pasibaki kidonda. Jani linapoanguka, macho ya majani mapya yako tayari kwenye ncha za matawi. Sasa litazame tawi lililovunjika ghafula. Majani yake hukauka, lakini hayaanguki. Hubaki yakining'inia siku nyingi, kwani kujitenga na jani ni kazi ya mti ulio hai, na tawi lililokufa halina nguvu ya kuifanya. Ajabu iliyoje! Lililoshikamana sana na majani yake ya zamani ndilo lililokufa. Wako kati yetu waonao kuwa kushika kila cha jana ndio uhai wenyewe. Na waende uani wakatazame.

Na mbayuwayu, ambao huanza kutufikia kuanzia Septemba, wakati majani yanapogeuka rangi huko Ulaya, hawaji kwa kubahatisha. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi. Mmoja alivishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, akaonekana Natal, kusini mwa Afrika, Desemba 1912. Kabla ya safari ndege hawa hula wakajiwekea mafuta mwilini. Basi anayesema "kila kitu kitarudi kama mbayuwayu" ameisahau nusu ya habari, nayo ndiyo nusu ngumu.

Lakini liwazo hili lina upungufu mkubwa zaidi: hulidhania kila badiliko kuwa ni msimu. Na misimu yenyewe je? Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuwa haba katika sehemu kubwa za nchi yetu zilizo kavu. Kisha Novemba 2023 mafuriko yakaukumba mwambao. Mkulima aliyengojea mvua kwa tarehe za baba yake hakusaidiwa na tarehe hizo.

Wazee wetu waliyaona hayo kwa njia nyingine. Katika vuli ya 1963, wakati pepo zilipokuwa zikigeuka kama ada, mapatano juu ya ukanda wa Mwambao yalitiwa sahihi London tarehe 8 Oktoba, na ilipofika tarehe 12 Desemba bendera ikabadilika. Sitaki hapa kulia wala kushangilia. Nataka tu kusema kuwa kaskazi ya mwaka ule ilirudi mwaka uliofuata, na mambo yale hayakurudi. Aliyesema "tungoje upepo ugeuke" alingoja bure, na wenziwe waliowapeleka watoto wao skuli walikuwa wameshatangulia.

Yatupasa basi kuuliza juu ya kila kinachoanguka: je, jicho lipo? Kama lipo, subira ni hekima. Kama halipo, kukaa kitako tukaita subira ni kujidanganya, na jambo lataka mikono.

Mfano uko juu ya mapaa yetu. Kunguru huyu mdogo mwenye shingo ya kijivu hakuletwa na msimu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Tangu hapo amekula mayai na makinda ya ndege wadogo, hata nyua nyingi zikanyamaza. Mwaka 2024 serikali ilitangaza azma ya kuwaua milioni moja. Huenda aliyemwona wa kwanza uani kwake alimtupia ukoko wa wali, akaingia ndani.