Fundo la Kravati, Baba na Mutoto

Wazee wengine hapa Mususa wanasema: kravati si desturi yetu, basi hakuna haya kama mutu hajui kuifunga. Sisi hatukubali mbio vile. Kutokujua huku hakukutoka kwa mababu, kulitoka kwa amri. Wakati wa Zaïre, katika miaka ya 1970, Mobutu alikataza kravati, wanaume wakavaa abacost. Siku ya 24 Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja, ndipo akairuhusu tena. Kijana aliyekomaa katika ile miaka, nani angemufundisha? Baba yake mwenyewe alikuwa ameiweka chini ya sanduku.

Ndiyo maana tunaona wafanyabiashara wa Butembo, watu wazima na magari yao, wanafungiwa kravati na mwingine, kisha hawaifungue tena kabisa. Wanailegeza tu na kuipitisha kichwani kama kamba ya mbuzi. Siku moja mutoto anaichezea, fundo linafunguka, na wageni wa biashara wanangoja. Je, muzee aombe kijana wake amufundishe? Kwetu mukubwa anafundisha, mudogo anasikiliza.

Sisi tunasema aombe. Kazi si kubwa: ncha pana iwe ndefu zaidi, ivuke juu ya ile nyembamba, izunguke nyuma, ipite mbele tena, ipande shingoni kutoka chini, halafu ishuke ndani ya pete iliyofanyika mbele. Ikomee ku mukaba. Lakini kijana naye afundishe kwa sauti ya chini, mulango umefungwa, na asicheke.