Je, Mzazi Asome Simu ya Mtoto kwa Siri?



Katika mkutano wa wazazi uliofanyika baada ya Misa ya pili, mama mmoja alisimama akauliza swali lililotugawa. Je, ni halali mzazi Mkristo kuichukua simu ya mtoto wake usiku, mtoto akiwa amelala, akasoma yaliyomo? Baba mmoja akamjibu kwa sauti kubwa: "Simu nimenunua mimi, bando nanunua mimi, na mtoto ni wangu. Nimwombe nani ruhusa?" Watu wengi wakapiga makofi, nami nilikuwa mmoja wao. Muda ulikuwa umekwisha, na Padre akaniomba niliandike jambo hili katika gazeti letu. Nimekubali, lakini yanipasa nianze kwa kukiri kwamba nilipokuwa nikipiga makofi nilikuwa nimekwisha kulifanya jambo hilo nyumbani kwangu, na yaliyofuata sikuthubutu kuyasema mkutanoni.

Tukumbuke kwanza tulivyolelewa sisi. Nyumbani kwetu karibu na Muheza, ambako baba alilima machungwa, palikuwa na redio moja. Ilikaa juu ya kabati, penye kitambaa alichofuma mama, wala hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Baba akifungua taarifa ya habari, sote tulisikia taarifa ya habari. Mpira ukitangazwa, majirani nao walikuja wakaketi barazani wakasikiliza. Televisheni huku Bara haikuanza mpaka mwaka 1994, nayo ilipofika kwetu ilikaa sebuleni, mbele ya macho ya watu wote. Sidhani kwamba baba yangu alikuwa mlezi hodari kuliko sisi. Vyombo vya wakati wake vilimsaidia, maana kila kilichoingia nyumbani kilipita mbele yake, na kama palitokea neno lisilofaa yeye alikuwapo hapo hapo kulieleza, au kukohoa tu, nasi tukaelewa.

Simu ya leo haina kabati. Inakaa kiganjani na inaingia chini ya shuka. Mtoto aweza kuketi kati ya baba na mama, bega kwa bega, kumbe anazungumza na watu ambao wazazi hawawajui wala hawatawaona. Tena mambo yaliyomo hayana mwisho. Gazeti hili unalolisoma lina ukurasa wa mwisho, ukifika hapo utaliweka chini ukatafute chai. Lakini kurasa za simu hujiongeza kila kidole kinapozisukuma. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni njia hiyo mwaka 2006, baadaye alijuta hadharani. Na ule umri wa miaka 13 unaotakiwa ili mtu ajiandikishe katika mitandao mingi, wazazi wengi hudhani umewekwa na wataalamu wa malezi. Sivyo. Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayohusu makampuni kukusanya habari za watoto walio chini ya umri huo. Australia wameona hautoshi, na tangu tarehe 10 Desemba 2025 makampuni makubwa ya mitandao yametakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti. Hapa kwetu mtoto huandika mwaka wowote wa kuzaliwa aupendao, na mlango unafunguka.

Kwa hiyo sisemi kwamba mzazi asiangalie. Kuhani Eli aliyajua maovu ya wanawe asiwazuie, na Mungu alimhesabia hatia. Mzazi asemaye, "Watoto wa siku hizi wametushinda," kisha akaendelea na shughuli zake, hana tofauti na Eli. Tuliposimama na watoto hawa penye birika la ubatizo tuliahidi kuwalea katika imani, wala hatukusema kwamba ahadi ile itakoma siku watakapojua kutumia chombo tusichokijua sisi. Lakini twaangalia kwa namna gani? Hapo ndipo nilipojikwaa.

Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Alipewa na mjomba wake simu ya tachi iliyokwisha kutumika, nami sikupinga. Usiku mmoja wa likizo ya Juni niliamka kunywa maji, nikaona mwanga chini ya mlango wake. Nikangoja. Mwanga ulipozimika nikangoja tena kidogo, kisha nikaingia nikaichukua. Namba ya siri niliijua, kwa kuwa niliwahi kumwona akiiandika. Ilikuwa mwaka wa kuzaliwa kwa bibi yake, yaani mama yangu. Nikaketi jikoni nikasoma kama nusu saa.

Nilikuta mengi ya kitoto: mambo ya nywele, ya mitihani, ya mwalimu anayechekwa. Kisha nikamkuta mtu. Alijiita mwanafunzi wa shule nyingine, lakini maneno yake yalikuwa ya mtu mzima, na kila baada ya siku chache aliomba picha. Kwanza aliomba picha ya sare ya shule, baadaye picha ya namna nyingine. Mikono ilinitetemeka. Nikasoma kwa kurukaruka mpaka mwisho, nikaona kwamba binti yangu hakutuma kitu, na kwamba alikuwa amemfungia mtu yule majuma matatu yaliyopita. Nikaona pia amemwandikia shangazi yake, dada yangu mimi, akamweleza habari yote. Mwishoni alimwomba asiniambie mimi, kwa sababu nitamnyang'anya simu.

Ndugu zangu, mtoto alikuwa ameiona hatari, ameikimbia, tena amemtafuta mtu mzima wa kumwambia. Alifanya yote tuliyomfundisha. Ila katika hesabu zake baba hakuwamo miongoni mwa watu wa kukimbilia. Alihesabiwa pamoja na mambo ya kuogopwa.

Asubuhi nilitaka kusema neno, lakini ningesema nini? Nikamwambia kwamba nimesikia kwa mwalimu mmoja kuwa wako watu wabaya wanaowaandikia wasichana, je, limempata? Akanitazama. Akauliza, "Mwalimu gani, Baba?" Nikasema, wa hisabati. Akanyamaza. Alikwisha kujua, maana yeye huilaza simu kifudifudi na mimi niliirudisha chali. Siku zote zilizobaki za likizo alinijibu kwa heshima kamili, ndiyo Baba, hapana Baba, nisipate kwake neno jingine. Na namba ya siri akaibadilisha.

Majuma mawili baadaye ndipo ulipokuwa mkutano wetu, nami nikampigia makofi yule bwana. Nilipofika nyumbani makofi yale yalinikera. Hoja yake ni ya mwenye mali, na katika mambo ya mali ni kweli: simu ni yake na bando ni lake. Lakini mama yule hakuuliza simu ni ya nani. Aliuliza habari ya mtoto.

Nimelifikiri sana jambo hili, na naona ubaya wa kusoma kwa siri uko mahali ambapo sikuutazamia. Nilidhani ubaya, kama upo, ni kumwonea mtoto. Kumbe mzazi mwenyewe hufungwa kinywa. Habari niliyoipata jikoni usiku ule sikuweza kuitumia kumsaidia mwanangu bila kufanya moja la mambo mawili: kuungama kwamba nimeisoma, au kusema uongo. Nikachagua uongo, mimi niliyemfundisha amri kumi tangu hajajua kusoma. Kulea ni kusema na mtoto, kumwuliza na kuulizwa. Mpelelezi hasemi na anayempeleleza, hukusanya tu. Na mtoto akigundua anapelelezwa haachi mabaya, hujifunza kuficha vizuri zaidi, au huwa na simu ya pili kwa rafiki yake.

Najua nitaulizwa: je, mtoto akiwa katika hatari ya maisha? Akitaka kutoroka na mtu, akitaka kujidhuru? Hapo ingia, usingoje ruhusa. Nyumba ikiungua watu huvunja mlango. Lakini aliyevunja mlango kwa sababu ya moto hakani asubuhi kwamba ameuvunja.

Wako wanaochukia kusikia habari za haki za mtoto, wakidhani ni mambo ya kuletewa ili kuvunja adabu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unasema kweli kwamba mtoto asiingiliwe ovyo katika mambo yake na barua zake. Lakini mkataba huohuo unakiri wajibu wa wazazi kumwongoza mtoto kwa kadiri ufahamu wake unavyokua. Sioni ugomvi kati ya hayo mawili. Mtume Paulo naye, akiisha kuwaambia watoto wawatii wazazi, hakuishia hapo. Aligeuka akawaonya akina baba wasiwatie watoto wao hasira.

Sura ya pili ya Injili ya Luka imenisaidia kuliko yote. Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima wakiamini kwamba mtoto yumo katika kundi la ndugu na majirani. Hawakuwa wazazi wazembe. Walidhania tu, kama sisi tunavyodhania mtoto aliyelala chumba cha pili yuko nyumbani. Walipogundua hayumo walirudi wakamtafuta, na siku ya tatu wakamwona hekaluni. Mama yake hakujificha nyuma ya nguzo asikilize anazungumza nini na waalimu. Alimwendea mbele ya watu, akamwuliza kwa nini amewafanyia hivyo, akamwambia wazi jinsi walivyohangaika. Jibu alilopewa hawakulielewa. Hata hivyo wakarudi pamoja Nazareti, na mtoto akawatii.

Jumapili ile jioni nilimwita binti yangu barazani, nikamwambia kwamba mwalimu wa hisabati hakusema lolote, na kwamba niliingia chumbani kwake nikasoma. Nikamwomba radhi kwa uongo. Kwa kuangalia sikumwomba radhi, ila kwa kuangalia kama mwizi. Alilia. Sikutazamia atalia. Kisha akanieleza habari ya mtu yule tangu mwanzo, nami nikaisikiliza kana kwamba siijui, kwa maana kusikia kwake kulikuwa jambo jingine kabisa.

Tukapatana. Saa tatu usiku simu zote za nyumba, pamoja na yangu na ya mama yao, zinaingia kapuni sebuleni. Jumamosi tunaketi naye, yeye ameshika simu yake mwenyewe, anatuonyesha anaozungumza nao. Akituletea mwenyewe jambo baya, hatanyang'anywa simu kwa sababu ya kulileta. Ahadi hii ya mwisho ilinishinda kuitamka mara ya kwanza, lakini naona ndiyo inayobeba nyingine zote. Na kwa wazazi wengine niseme hivi: mtu akimwomba mtoto picha za namna ile, msifute maneno yake. Kwa kuwa binti yangu hakuyafuta, mimi na dada yangu tuliyapeleka polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Picha chafu za watoto zimekatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Iko pia namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo mtoto mwenyewe aweza kuipiga bila malipo.

Jumamosi ya kwanza, alipomaliza kutuonyesha ya kwake, aliuliza, "Na ya kwako, Baba?" Mama yake akacheka. Nikampa, nikiwa na moyo mtulivu, maana sina siri. Akafungua kundi letu la WhatsApp, la wanaume tuliosoma pamoja, ambamo wamo wazee wa kanisa wawili. Akasoma kidogo, akafika penye mzaha mmoja juu ya wasichana wa shule, na chini yake alama yangu ya kicheko. Hakusema neno. Aliilaza simu yangu mezani, kifudifudi.

Nilijitoa katika kundi hilo Jumatatu. Wenzangu hawajaniuliza kwa nini, nao watasoma hapa.