Katapila la Abti, na Nani Analipa

Abti wangu ana katapila uani. Caterpillar D4 ya miaka ya 1950, chuma cha zaidi ya tani nne, limeegeshwa kati ya tangi la maji na zizi la mbuzi, hapa Garissa. Ukija kwake mara ya kwanza utaoneshwa katapila kwanza, chai baadaye.

Miaka ya 1970 Abti alikuwa tanboi. Wakati huo mitambo ya serikali ilikuwa ikichimba silanga huku Kaskazini Mashariki, yale mabwawa ya udongo yanayokinga maji ya mvua ili mifugo ipate kunywa. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi, kubeba dizeli na kulala chini ya mtambo usiku. Miaka mingi baadaye akaliona moja la aina ileile kwenye mnada wa vitu vibovu. Akauza ng'ombe, akalinunua. Lilikuja nyumbani juu ya lori, halina uhai.

Kulifufua kulimchukua miaka. D4 ya zamani haiwashwi kwa ufunguo. Ina injini mbili: ndogo ya petroli yenye pistoni mbili, ambayo kazi yake ni kuiamsha ile kubwa ya dizeli. Ndogo inanguruma, moshi wake unapasha joto hewa inayoingia kwa kubwa, na baada ya dakika kadhaa kubwa inakohoa na kushika. Abti alifungua zote mbili. Vipuri vingine alivisaka Grogan, Nairobi. Vingine alivichongesha kwa mafundi wa jua kali.

Mwanafunzi yeyote wa falsafa angeuliza: je, hilo bado ni katapila lilelile? Plutarch aliandika kwamba Waathene walihifadhi meli ya Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ile. Nilimpelekea Abti swali hilo nikijiona mjanja. Akaniangalia, akasema, "Abti, lilelile au jingine, litasukuma udongo?" Kwetu mjomba naye humwita mpwa wake abti, kwa hiyo hata kukemewa kwake kuna undugu ndani yake.

Alikuwa sawa. Hilo ni swali la mtu aliyeshiba. Swali gumu lilikuja na ukame.

Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Nchini Kenya zaidi ya mifugo milioni mbili ilikufa. Ukitoka mjini ulipita mizoga kando ya barabara hadi ukaacha kuhesabu. Katikati ya hayo Abti aliuza mitamba miwili ili atengeneze pampu ya dizeli ya katapila. Binti yake, binamu yangu, alikuwa chuoni. Karo ikakosekana. Akakaa nyumbani mwaka mzima, akichota maji na kumpikia babake, huku nyundo ikigonga uani.

Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuja pia. Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo kwa sababu ya hujuma dhidi ya mitambo ya umeme, wakapotea. Mei marufuku yakaondolewa, wakarudi na mzani. Abti akawafukuza. "Chuma kikienda kwa mzani hakirudi," akasema. "Na pesa yake italiwa wiki mbili."

Je, alikosea?

Wanaomtetea wana hoja nzuri. Majirani waliouza kila kitu wakanunua nyasi, mifugo yao ilikufa vilevile. Mwaka 2023, katapila lilipowaka, watu walichanga dizeli likaenda kuzoa tope kwenye silanga iliyokuwa imejaa mchanga. Mwisho wa mwaka huo mvua kubwa zikaja. Tana ikafurika, barabara zikakatika, silanga ikajaa. Leo mbuzi wa watu ambao walimcheka wanakunywa pale.

Lakini mimi siikubali hoja hiyo, ingawa napenda mwisho wake. Mvua haikuwa ushahidi. Kama isingenyesha, Abti angekuwa mtu yuleyule aliyefanya uamuzi uleule, na sisi tungemwita mzee aliyechanganyikiwa. Huwezi kufanya kamari na chakula cha nyumba halafu ukasema ulikuwa na hekima kwa sababu ulishinda.

Pia siwakubali wanaosema kitu si mtu, basi auze. Huku kwetu kitu kinaweza kuwa maji ya watu wengi. Na mtu aliyezoea kuona kila mradi ukiletwa kwa sherehe na kuachwa ukiota kutu ana haki ya kutamani kitu kimoja tu kisiachwe.

Nilimuuliza binamu yangu: ungekuwa wewe, ungeliuza? Alikuwa anaosha vyombo. Akasema, "Sijui. Lakini mimi ningeuliza kwanza."

Hapo ndipo nilipoona kosa lilipo. Kumpenda mtambo si dhambi, wala kuutengeneza wakati wa njaa si dhambi kila mara. Shida ni kwamba uaminifu una gharama, na Abti alimlipisha mtu ambaye hakuulizwa.

Kuna kitu mnyororo wa katapila ulinifundisha. Unatembea juu ya pini na bushi, na chuma hicho huliwa upande mmoja tu, ule unaobeba mvuto. Fundi anayejua kazi hazitupi. Anazing'oa, anazigeuza nusu mzunguko, anazirudisha ili upande mzima nao uanze kubeba. Gereji kubwa zina mashine ya kuzisukuma. Abti alitumia jeki, moto na nyundo, na mimi nilishika tochi. Nyumba zetu nyingi hazigeuzwi hivyo. Upande uleule unaliwa mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi ni wa binti.

Na kabla sijamhukumu mzee, niseme langu. Mimi nafanya kazi Nairobi. Nilipiga picha za katapila lile, nikaposti, watu wakapenda, nikajisikia mjukuu wa mafundi. Mwaka ule wa karo sikutuma hata shilingi. Nilifaidi hadithi, binamu yangu akalipa.

Sasa amerudi chuoni. Pesa ya kwanza ya kila kazi ya katapila inaenda kwenye karo, na daftari la hesabu analishika yeye.

Mwezi uliopita mnyororo umelegea tena. Pini zikishageuzwa mara moja hazigeuzwi mara ya pili. Lazima zinunuliwe mpya. Safari hii Abti aliitisha kikao cha nyumba nzima, na mimi nikaingia kwa simu. Binti yake alisoma hesabu kwanza. Kisha Abti akauliza, taratibu, kama mtu anayejaribu spana asiyoizoea: "Mnaonaje?"

Tulinyamaza kidogo. Halafu nikasema nusu ya pini ni yangu.