Kumtazama Asiyejua Kwamba Anatazamwa

Je, ni haki kumtazama kiumbe asiyejua kwamba anatazamwa? Swali hili nililetewa katika umbo la mbao na misumari. Kijana mmoja niliyemfundisha ualimu zamani, ambaye sasa anaongoza shule iliyo kando ya kinamasi katika Trans Nzoia, ameazimia kujenga mnara wa mbao ili wanafunzi wake wapate kuwaona ndege na wanyama wa majini. Alinitumia mchoro. "Mwalimu," aliandika, "niambie tu uwe na kimo gani."

Mfano anao jirani. Mbuga ya Saiwa, karibu na Kitale, ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, paa wa majini ambaye wengi humwita sitatunga. Ni mbuga ndogo mno, kiasi cha kilomita 3 za mraba, na imezungukwa na mashamba ya wakulima. Gari haliingii humo. Mgeni huenda kwa miguu, akapanda majukwaa ya mbao kando ya mafunjo, akangoja alfajiri au jioni. Nzohe ana kwato ndefu zinazotanuka, hata aweza kutembea juu ya matope na mafunjo yaliyolala pasipo kuzama; lakini kwenye ardhi ngumu hukimbia kwa taabu. Kinga yake ni kujificha. Akishtuka huingia majini akabakiza pua tu.

Sisi hatukuwa wageni wa majukwaa ya namna hii. Wakulima wa mpunga wa Pwani wana dungu, kichanja cha miti ambapo mtoto huketi kutwa akiwafukuza ndege kwa kelele na kombeo. Lakini aliye katika dungu hutaka aonekane na asikike. Hiyo ndiyo kazi yake. Mnara wa kijana wangu unataka kinyume chake, na hapo ndipo nilipoanza kusita.

Nilisita kwa sababu ya kazi yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilizunguka shule za msingi nikiwakagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Niliketi dawati la nyuma na daftari langu, na nathubutu kusema kwamba sikupata kuliona somo lenyewe hata siku moja. Nililoliona ni somo linalofundishwa mbele ya mkaguzi: chati mpya ukutani, watoto wameketi wima, maswali ambayo majibu yake yalikaririwa jana. Baadhi ya wenzangu walikuwa na desturi ya kusimama kimya chini ya dirisha kabla ya kubisha hodi. Walisikia mengi ya kweli. Hata hivyo mwanachuo aliyegundua alijiona ameibiwa, nami nasema alikuwa na haki ya kujiona hivyo. Mwaka 1791 Mwingereza Jeremy Bentham alichapisha mpango wa gereza la mviringo lenye mnara katikati, mlinzi awaone wafungwa wote, wao wasimwone. Si lazima hata mlinzi awemo. Yatosha mfungwa asijue. Nani angependa kuishi chini ya mnara huo?

Basi tunamtendea nzohe yale ambayo tusingependa kutendewa? Nimelifikiri jambo hili kwa muda, na naona sivyo. Binadamu akitazamwa kwa siri huumizwa na siri yenyewe, kwa kuwa ana heshima ya kulinda na ana neno la kusema juu ya nani amwone. Nzohe hana aibu ya kuonekana, ana hofu. Anachopoteza ni malisho yake ya asubuhi, pale sauti ya mtoto inapomrudisha majini. Kwa binadamu kujificha ndiko kosa. Kwa mnyama kosa ni kujionyesha.

Nikamjibu kijana wangu hivi. Mafunjo hufika mita 4 au 5, kwa hiyo sakafu iwe mita 5 au 6 kutoka ardhini, isizidi. Ukiupandisha zaidi utawasimamisha watoto wako mbele ya anga jeupe kama bendera. Ngazi iwe upande wa nchi kavu. Upande wa kinamasi ufungwe kwa mbao, zenye nyufa za kutazamia katika vimo viwili, cha mtu mzima na cha mtoto. Paa liwepo, si kwa mvua tu bali ili nyuso ziwe kivulini. Mbao za sakafu zikazwe kwa skrubu, maana msumari hulegea na ubao ukalia. Nguzo zisimame juu ya misingi ya zege ukingoni, si ndani ya maji, kwani mti huoza upesi pale hewa na maji yanapokutana. Wala usiweke kinamasini nguzo zilizolowekwa katika dawa yenye shaba, kromu na aseniki.

Lakini mchoro wake ulikuwa na mbao za kufunga pande zote nne, na hapa nilimkatalia. Nyuma ya mnara ule kuna mashamba na nyua za watu. Katika ukingo uo huo wanawake hukata mafunjo na kuteka maji. Hao si nzohe. Nilimwandikia kwamba upande unaoelekea makwao uachwe wazi, wenye kizuizi cha kuzuia kuanguka basi, ili mama aliye shambani akiinua macho ajue ni nani yuko juu na anafanya nini. Naye akitaka kupanda, apande.

Alinijibu kwamba mwanga utakaopenya nyuma utaonyesha vivuli vya watoto kwenye nyufa, na ndege wataruka. Ni kweli, wataruka baadhi. Turubai jeusi katikati ya sakafu laweza kupunguza hasara hiyo. Aliuliza pia iwapo askari wa wanyamapori wataruhusiwa kuutumia mnara kuwavizia wanaoingia kukata mafunjo mahali palipokatazwa. Nilimwambia askari apande kama mtu mwingine yeyote, na sare yake, asimame upande ulio wazi.