Mali Isiyoshikika Nayo ni Mali

Akiulizwa mmoja wetu kama yajuzu kuiba ng'ombe wa Mmasai wa Loitokitok, atajibu upesi kuwa ni haramu. Lakini akiulizwa juu ya kuiga nakshi za shanga za wanawake wa huko, kuzichapa juu ya nguo kiwandani na kuwauzia watalii, atasema: "Kimeibwa nini? Shanga zake si bado anazo?"

Twaona jawabu hili halina insafu. Sisi watu wa pwani twazijua leso za Mombasa zilizoandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla", na twajua kuwa maneno hayo ni mpaka. Mwenye kuiba mchoro hakuchukua kitambaa. Amechukua faida ya fikira na jasho la mwenziwe. Mwaka 1988 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait, iliamua kuwa haki za utungaji na uvumbuzi zahifadhiwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia.

Huenda mtu akasema kwamba shanga zenyewe zilifika bara kwa misafara ya pwani. Ni kweli, lakini zilinunuliwa kwa thamani yake. Nakshi ni zao wenyewe.

Serikali ya Kenya nayo haikunyamaza. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 imemwekea mwenye kutengeneza nakala za wizi kwa biashara faini na kifungo. Lakini ulinzi wake hufuata umri wa mtungaji, nao hukoma miaka 50 baada ya kufa kwake. Nakshi ya Kimasai haina mtungaji mmoja: mama alimfundisha binti, binti akazidisha. Ndipo ikatungwa sheria ya 2016 ya kuhifadhi maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, yenye kutaka jamii iombwe idhini kwanza.

Haya ni mema, lakini hayatoshi. Askari hawezi kusimama mlangoni pa kila duka, na mama mshona shanga hana fedha za wakili. Adhabu humfika muuzaji akikamatwa. Mnunuzi aliyejua akanyamaza hafikwi na lolote, na lau si yeye biashara hiyo ingekufa.

Basi, ndugu zetu wenye maduka na wenye kununua, kabla ya kutoa fedha na tuulize: nakshi hii ni ya nani, naye ameridhika? Hilo halingoji polisi wala mahakama.