Mwaka wa Kwanza wa Mwalimu ni wa Nani?

Fundi cherehani hamkabidhi mkasi kijana aliyeanza kujifunza jana. Humwachia kwanza kazi ya vifungo, pasi na kukata mabaki ya kitambaa. Kitenge cha mteja hakigusi mpaka mkono wake utulie, maana kikiharibika kuna mtu atakuja kudai. Mwalimu mpya wa shule ya serikali hana mabaki ya kufanyia mazoezi. Anaripoti kituoni, anapewa darasa, na mara nyingi wiki hiyohiyo anajikuta peke yake mbele ya watoto sabini. Kwa kila mmoja wao, huu ndio mwaka pekee wa kujifunza kusoma akiwa na umri ule. Ukiharibika, hakuna atakayekuja kudai.

Swali ninalojiuliza ni hili: gharama ya mwalimu kujifunza kazi yake ilipwe na nani?

Kwamba lazima ajifunze kwa kutenda, sina ubishi. Aristotle alisema mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Lakini aliongeza jambo ambalo sisi hulisahau: kwa kujenga hukohuko mtu anaweza pia kuwa mjenzi mbaya, na ndiyo sababu anahitaji wa kumfundisha. Uzoefu hukomaza chochote kilichopo, hata kosa. Mwalimu aliyeachwa peke yake hujifunza upesi kile kinachonyamazisha darasa: kunakili ubaoni, kuitikia kwa pamoja, fimbo. Akifika mwaka wa tano tunamwita mzoefu.

Tanzania ina historia ndefu ya jambo hili. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walijifunza ualimu huku tayari wakifundisha, ili kila mtoto apate shule. Miaka ya 2000, shule za kata zilipoongezeka, wahitimu wa kidato cha sita walipelekwa madarasani baada ya mafunzo ya wiki chache, na mtaani wakabatizwa jina la “voda fasta”. Tuliwacheka sana. Ni wachache waliouliza kama kule walikopelekwa kulikuwa na mtu wa kuwashika mkono. Kejeli yetu iliwaangukia walioachwa peke yao, ikawapita waliowaacha.

Leo upo mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu wa shule moja hukutana kujadili mada zinazowatatiza. Ni hatua njema. Lakini kikao cha walimu wote hakichukui nafasi ya mtu mmoja anayekaa nyuma ya darasa lako, kisha akakwambia mkiwa wawili: “Safu ya dirishani hukuiuliza swali hata moja leo.” Mtu huyo ndiye ninayemwita mwalimu mlezi.

Wapo watakaosema mwalimu mpya ni mtu mzima mwenye cheti, na kumwekea mlezi ni kumshusha hadhi. Tumtazame daktari. Anamaliza shahada ya miaka mitano, kisha anakaa mwaka mzima hospitalini kama mtarajali chini ya macho ya wakubwa zake. Hakuna anayesema amedharauliwa. Tunakubali kwa sababu kosa la daktari huonekana: mgonjwa anazidiwa, ndugu wanalia mlangoni. Mtoto aliyefika darasa la nne bila kujua kusoma halii. Anakaa kimya nyuma, na sisi tunasema hana akili. Naona basi kwamba ulezi wa mwalimu mpya ni haki ya mtoto kwanza, kabla ya kuwa hisani kwa mwalimu.

Hata hivyo, ulezi si mwema kwa sababu tu unaitwa ulezi. Mkongwe anayemwambia kijana, “Bila kiboko hawa hawakusikii,” naye anarithisha kitu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama mgeni haruhusiwi kuuliza kwa nini, mwenyeji haponi, na shule itarithisha ugonjwa wake kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo mlezi naye afungue mlango wake, mwanagenzi aingie, atazame na aulize.

Tena mlezi asiwe ndiye anayeandika taarifa ya kumthibitisha kazini. Mwalimu mpya yuko kwenye kipindi cha majaribio cha miezi 12. Ukimwambia akufichulie udhaifu wake wakati kalamu ya hukumu iko mkononi mwako, atakuonyesha andalio safi la somo na kuficha darasa lenyewe. Ukweli unahitaji mahali ambapo kuusema hakumgharimu mtu ajira.

Limebaki jambo zito zaidi. Huyo mlezi naye ana darasa lililofurika, madaftari ya kusahihisha na azimio la kazi. Tukimwomba ajitolee kwa moyo wa upendo, tutakuwa tumehamisha deni kutoka mgongoni mwa mtoto hadi kwa mwalimu mwema kuliko wenzake, na aliyeajiri bado hajalipa chochote. Mlezi apunguziwe vipindi, saa za ulezi ziandikwe kwenye ratiba, na mwalimu mpya asipewe darasa lililowashinda wengine. Hayo yanahitaji walimu zaidi, na walimu zaidi wanahitaji fedha.

Najua fedha hizo ni nyingi. Lakini tusijidanganye kwamba leo gharama haipo. Ipo, na inalipwa kila mwaka na watoto wa miaka saba, ambao hawajui kwamba wanalipa.